Lwanda Magere Mlangoni pa Klabu: Jibu kwa Msomaji wa Kondele

SWALI: Mwalimu, mimi ni mkazi wa Kondele, Kisumu. Nimekuwa nikisikiliza kwenye simu kitabu cha sauti cha Kiingereza ambamo miungu ya Wagiriki na ya watu wa Skandinavia inaishi mijini siku hizi. Wengine wameajiriwa, wengine wana madeni. Nikaamua kutengeneza changu kwa Kiswahili. Nyasaye, Mungu wetu Wajaluo, ni mkurugenzi wa kampuni ghorofani Nairobi, Lwanda Magere, yule shujaa wetu wa vita, ni baunsa wa klabu hapa Kisumu, Gor Mahia, yule mganga wa kale, ni tapeli wa mtandaoni. Mamangu amesikiliza sura mbili akasema nachezea nisivyovijua. Je, anasema kweli? Na je, nisome peke yangu au nitafute waigizaji?

JIBU: Dada, mama yako amesema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayokinusuru kitabu chako.

Kwanza, mtoe Nyasaye katika ile ofisi. Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, hana waumini wa kuhesabika tena. Hekalu zake ni magofu ya kupigiwa picha na watalii. Nyasaye ataombwa Jumapili hii hapo Kondele, kanisani na nyumbani, kwa jina hilohilo lililomo katika Biblia ya Dholuo, yaani Kijaluo, na Waluhya wengi nao wanamwita hivyo. Ukimvalisha suti na kumpa karani, msikilizaji wako wa kwanza atazima simu kabla hajajua hadithi inaelekea wapi. Hata tukiiweka heshima kando, kiusanii hatakufaa. Zeus ana wake, wivu, watoto wa pembeni na ndugu anaogombana nao, kwa hiyo visa vyake haviishi. Nyasaye hapungukiwi na kitu wala hana wa kugombana naye. Mhusika asiyetaka lolote hakusogezei hadithi hata hatua moja. Acha watu wamtaje, wamlilie, wamwapie, lakini asipewe sauti.

Pili, hao wengine wawili si miungu. Wanafunzi wangu wa fasihi simulizi huchanganya visasili na mighani, na kitabu chako kimefanya vivyo hivyo. Kisasili kinaeleza asili ya ulimwengu na vilivyomo. Mighani ni habari za shujaa anayeaminika kwamba aliishi, ana ukoo, ana kwao. Lwanda ni wa Kano, katika ukoo wa Sidho. Gor Mahia, ambaye jina lake ni Gor Ogada, ni mganga wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, aliyewahi kuuona utawala wa Waingereza, na wapo watu leo wanaomhesabu kuwa babu yao. Klabu ya mpira iliyochukua jina lake mwaka 1968 imelifanya likaimbwa kila wikendi. Wewe umemfanya tapeli! Sifa yake kubwa ilikuwa kujigeuza, leo kikongwe, kesho mtoto, wageni wakimtafuta wasimwone naye yuko mbele yao. Hiyo ni mali tupu kwa msimulizi. Ukitaka tapeli, buni kijana wako mwenyewe anayedai ameirithi sanaa hiyo, naye aumbuke.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa kirefu. Hicho kitabu ulichokisikiliza kinawagawia miungu kazi kulingana na uwezo wao: huyu wa radi, huyu wa bahari, huyu wa ujanja. Nawe umeuchukua mpango huo kama ulivyo. Hadithi za huku kwetu hazikujengwa hivyo. Zimejengwa juu ya vitu viwili, mahali na mwiko. Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi wa Gwassi, aliopoa kikongwe katika wavu wake ziwani, akamchukua nyumbani, akatajirika ng'ombe, mbuzi na kuku. Sharti lilikuwa kumtunzia heshima. Siku moja akarudi amelewa, akamtusi, na yule mama akashika njia ya ziwani na mifugo yote nyuma yake. Nyamgondho akawafuata hadi ufukweni Nyandiwa, akasimama ameegemea fimbo, akageuka mti. Pale Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ajuza mgeni alinyimwa makao usiku wenye karamu, na kijiji kizima kikazama. Ziwa lipo, nenda ukalitazame na flamingo wake. Lwanda mwenyewe mikuki haikumwingia kwa kuwa uhai wake ulikuwa katika kivuli. Katika visa vyote hivi nguvu ni kitu kidogo. Kinachotuweka pale hadi mwisho ni sharti, maana kila msikilizaji anajua litavunjwa ila hajui lini.

Kwa hiyo usijiulize Lwanda angeajiriwa wapi siku hizi. Jiulize ule mwiko wake ungevunjwaje leo.

Chukua Nyamgondho. Mpe vizimba vya ngege ziwani badala ya zizi, na yule mama apatikane asubuhi moja ndani ya kizimba, amekaa kitako majini, amekasirika kidogo kwa kucheleweshwa. Utajiri uje kwa njia tunayoijua: simu inatetema mezani, umepokea shilingi kadhaa, inatetema tena. Sura nzima ijae mtetemo huo hadi msikilizaji auzoee. Usiku wa matusi, Nyamgondho yuko nje anabisha lango huku akitukana, na sisi tumo ndani na simu. Inatetema. Sauti ileile isiyo na hisia inasoma salio. Inatetema tena, salio limeshuka. Halafu tunasikia maji yakipasuka kule vizimbani, samaki wakitoka. Katika simulizi la kale ule msafara wa mifugo ndio kilele, kwato na kengele zikipita moja baada ya nyingine; wewe utakuwa umeubeba wote bila kutaja ng'ombe.

Halafu usidhani unavumbua jambo geni unapokutanisha mambo haya na dunia ya kisasa. Yalikwisha kukutana. Mwaka 1987 chatu aliyeitwa Omieri, kule Nyakach, aliungua katika moto wa kichaka. Kwa wenyeji alikuwa mleta mvua na mavuno. Serikali ikaingilia, magazeti yakaandika, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafia huko, na mwili wake ukahifadhiwa katika Makumbusho ya Kitaifa. Mwaka 2003 chatu mwingine alipojitokeza eneo lilelile, watu walimpokea kama aliyerudi. Daktari wa mifugo, mwandishi wa habari, bibi aliyebeba kuku wa kumlisha chatu, wote katika ua mmoja: kuna riwaya nzima hapo na sijaona aliyeiandika. Au nenda Kit Mikayi, kilomita kama 29 kutoka mjini kwa barabara ya Bondo. Waumini wa kanisa la Legio Maria wanasali kwenye mawe yaleyale yenye kisa cha mzee aliyeyapenda kama mke mkubwa, na watoto wa shule wanapiga picha kando.

Turudi kwa baunsa wako. Wazo la kumweka mlangoni si baya. Tatizo ni sentensi uliyonitumia: "Lwanda alikuwa mrefu, mwenye nguvu za ajabu, na kivuli chake kilikuwa cha kutisha." Kwenye karatasi itapita. Masikioni haina kitu, kwa kuwa kivuli hakina sauti, na kitu kinachobeba uhai wa mhusika wako mkuu hakisikiki! Huo ndio mtihani mkubwa wa kitabu chako chote. Dawa yake ni kumfanya msikilizaji ajue daima mwanga uko wapi, kisha umwonyeshe kivuli kinaguswa. Jaribu hivi:

"Taa ya mlango ilikuwa mgongoni mwake. Kila mteja aliyepanda ngazi alimkanyaga Lwanda kichwani kabla ya kumfikia, na kila kiatu kilipotua, Lwanda alifumba macho. Msichana wa tiketi alidhani ni usingizi."

Sijasema kivuli hata mara moja, na msikilizaji wa Kisumu ameshashtuka. Wa Mombasa au Tanga, asiyemjua Lwanda, atabaki na swali, nawe utamjibu sura ya tatu.

Ukishaupata mtindo huo, mazingira yetu yatakupa vituko zaidi. Ikweta inapita Maseno, hapo juu tu. Siku za kuzunguka tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la adhuhuri linakuwa utosini kabisa, na kivuli cha mtu kinajificha chini ya nyayo zake. Kwa saa zetu hiyo ni kati ya saa sita u nusu na saa saba kasorobo au kupita kidogo, maana Kisumu iko magharibi mwa ukanda wetu wa saa na jua huchelewa kufika katikati. Mara mbili kwa mwaka, basi, Lwanda ana dakika chache ambazo hakuna wa kumpata. Au, ukipenda upande wa pili, dakika chache ambazo hana uhai popote ila pale anapokanyaga. Amua wewe. Na mpeleke uwanjani usiku chini ya taa za nguzo nne. Kila mtu pale ana vivuli vinne. Adui anajua siri lakini hajui achome kipi. Hapo sasa umepata jambo ambalo msimulizi wa zamani hakuweza kulipata, kwa sababu yeye alikuwa na jua moja na moto mmoja.

Kuhusu yule mke. Katika simulizi, Wanandi walimpa Lwanda binti yao. Akaugua, akaagiza achanjwe kwenye kivuli, dawa ipakwe hapo, na binti akaipeleka siri kwao. Umemwandika kama nyoka mwenye lipstiki. Tafadhali. Kano na Nandi ni majirani hadi leo, na mpaka ule wa Muhoroni na Miwani umewahi kumwaga damu ya kweli. Tena hadithi yako itakuwa nzito zaidi ukikumbuka kwamba kwao huyo binti ni shujaa: alitumwa peke yake katika boma la mtu asiyeuawa, akakaa, akapika, akasubiri. Mpe sura yake mwenyewe, asimulie yeye. Na mwigizaji wake awe msemaji wa Kinandi kweli, asiwe mchekeshaji wa kuigiza lafudhi.

Nikiwa bado upande huo, kuna jambo lililoumbwa kwa ajili ya kitabu cha sauti. Wanandi wa zamani walisimulia radi mbili, moja njema na moja mbaya. Ule mpasuko wa karibu unaotikisa mabati ni radi mbaya inayotaka kushuka iue watu. Ile ngurumo ya mbali ni radi njema inayoizuia. Mwandishi wa karatasi atahitaji aya mbili kueleza mapigano hayo. Wewe unahitaji ngurumo mbili. Ila uwe macho: ngurumo ya mbali ni sauti nene, na spika ndogo ya simu hailetei mtu sauti nene. Atakayesikiliza bila vifaa vya masikioni atapata radi mbaya tupu, na hadithi itapinduka. Weka mhusika anayeitikia, bibi anayesema "anamjibu huyo", ili ujumbe usiitegemee spika.

Ukihitaji kisasili halisi, Wabukusu wanacho kizuri: mwezi alikuwa kaka mkubwa, aking'aa kuliko jua, jua akaona wivu, wakapigana mieleka, mwishowe mwezi akaangushwa topeni akachafuka, na Wele, Mungu wao, akawatenganisha, huyu mchana, yule usiku. Namwona mwezi akiwa mlinzi wa zamu ya usiku Webuye, kiwandani kule kwa karatasi, hataki kunawa uso. Wele hatokei, anatajwa tu. Nakuru nako kuna Menengai, ambako Wamasai husimulia kwamba mvuke unaotoka shimoni ni roho za wapiganaji wa Laikipia waliotupwa humo, na ambako tangu 2011 mitambo inachimba mvuke huohuo kutafuta umeme. Swali la nani aliombwa ruhusa linajiuliza lenyewe. Lakini usivitie vyote katika kitabu kimoja; ukikusanya kila kabila mezani utapata mkutano wa hadhara, na mkutano wa hadhara hauna hadithi.

Sasa sauti. Soma peke yako. Najua unataka waigizaji kumi na muziki kama michezo ya redio, na siku moja utafika. Lakini bibi katika siwindhe, ile nyumba yake ya kusimulia watoto hadithi, alikuwa mmoja tu, akawa fisi, akawa mtoto, akawa mke mdogo, na hakuna aliyechanganyikiwa. Kilichomsaidia ni kwamba alijua kutofautisha kwa kasi na pumzi, hakujitesa kubadili koo. Mpe Lwanda sentensi fupi na kimya baada yake. Mpe tapeli wako sentensi zisizoisha. Yule binti wa Kinandi ndiye pekee ningemtafutia msomaji wa pili, kwa sababu niliyokwisha kusema. Jina lolote la Dholuo uhakikishe na mzee kabla hujarekodi, hata kama wewe ni Mjaluo wa mjini. Lugha ile ina toni, na toni ikiteleza sikio la mwenyeji linaruka.

Kitu kimoja cha bibi ambacho vitabu vya sauti vya kigeni havina, nawe unacho bure, ni wimbo mfupi ndani ya hadithi, unaorudi kila mwiko unapokaribia kuvunjwa. Msikilizaji wako yuko kwenye matatu, konda anadai nauli, amepitwa na dakika mbili, hawezi kufunua ukurasa arudi nyuma. Wimbo ukirudi anajua alipo. Tungeni mistari miwili na mpigaji nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, mlipane na muandikiane, kisha uutumie kitabu kizima. Usikate kipande cha wimbo wa benga wa mtu ukakibandika; hiyo ni kazi yenye mwenyewe.

Na kwa kuwa tumegusa mambo ya wenyewe: simulizi la Lwanda ni la jamii, na tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kimapokeo za jamii, hadithi zikiwemo. Kama utauza, fika Kano ukazungumze na wazee wa ukoo, uandike walichosema na uwataje mwanzoni. Ukichota kutoka kwa kitabu kilichochapishwa, maneno ya mwandishi yule ni yake, na nchini kwetu haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kisa unaweza kukisimulia upya. Aya zake usizisome.

Kurekodi hakuhitaji studio ya bei mbaya. Chumba kidogo chenye nguo nyingi, godoro ukutani, blanketi mlangoni, maikrofoni ya kawaida, na programu ya kurekodia ya Audacity ambayo ni ya bure. Adui zako Kisumu ni mabati na mvua ya alasiri, friji, bodaboda, na vyura kama uko karibu na ziwa. Saa kumi alfajiri ndiyo saa yako, kabla ya jogoo na kabla ya adhana. Rekodi kwanza kimya cha chumba, usikize. Ukitaka kufuata vipimo vya ACX, ile inayopeleka vitabu Audible, duka la vitabu vya sauti, wastani wa sauti uwe kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisipite -3, na kimya kiwe chini ya -60. Hata kama hutauza huko, ni vipimo vizuri vya kujipimia.

Usikadirie urefu kwa hesabu za Kiingereza. Wao husema saa moja ni maneno kama 9,300. Kiswahili hakiendi hivyo, kwa kuwa neno letu moja, mathalani "nitakapompelekea", linameza manne au matano yao. Soma kurasa tatu kwa kasi ya kusimulia, pima muda, ndipo uzidishe.

Mwisho, fikiria bando ya msikilizaji. Faili ya ubora wa kilobiti 192 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 86 kwa saa; ukitoa nakala ya kilobiti 64, ya mkondo mmoja (mono), inakuwa kama 29, na kwa sauti ya mtu anayesoma tofauti ni ndogo. Toa zote mbili. Kila sura iwe ya dakika 15 hadi 20, urefu wa safari ya kutoka Kondele hadi mjini kukiwa na foleni, na majina ya faili yaanze na 01, 02, 03, la sivyo simu zitazipanga kwa herufi na Lwanda atakufa kabla hajaoa.